Jibini ya Elfu Kumi na Nne

Siku milio ya bunduki ilipovuka Mushaki na watu wa kijiji cha Karuba wakaanza kushuka kwa miguu kuelekea Sake, Virginie ndiye pekee katika msafara ule aliyekuwa na utulivu kidogo moyoni. Si kwamba hakuogopa. Aliogopa kama wengine, na kila mlio ulipopasuka nyuma ya kilima aligeuka kuwahesabu watoto wake watatu. Lakini kifuani, chini ya nguo, alikuwa amefunga simu kwa kitambaa, na ndani ya simu ile, kwa jinsi alivyojua yeye, kulikuwa na faranga milioni mbili na nusu.

Mumewe, Théogène, alitangulia na godoro kichwani. Alikuwa ameacha shamba la maharage yaliyobakiza wiki mbili tu kuvunwa. Virginie alimfikia kwenye mteremko akamwambia kwa mara ya tatu kwamba wao hawatalala kambini. Watapita Sake, watafika Goma, watapanga nyumba ya mbao huko Ndosho, watoto watarudi shule, na yeye ataendelea na biashara. Théogène aliitikia kwa kichwa, na godoro likayumba.

Pale Sake watu wengi walisimama. Jirani yao Euphrasie, mjane aliyewahi kumwazima Virginie chumvi na vibiriti mara zisizo na idadi, alikaa juu ya jiwe akiwa ameshika miguu iliyovimba, akauliza kama wataongozana mpaka Bulengo, maana alisikia kuna watu wanaandikwa majina huko ili wapewe hema. Virginie akamjibu kwamba wao wana mpango mwingine.

"Sisi tunaenda kupanga," alisema. Alilisema kwa upole, lakini alilisema kwa sauti ya kusikika na wengine, na Euphrasie akainamisha macho.

Mpango wenyewe ulikuwa na umri wa miezi kumi. Théogène alikuwa na ng'ombe mmoja tu, mwekundu, aliyempata kwa kuchunga ng'ombe wa mwenye shamba la Kirolirwe kwa miaka sita. Virginie alimbembeleza msimu mzima amuuze. Alikuwa amejua kwamba kuna soko la mtandaoni la Goma, linaitwa Soko Kiganjani, ambapo mtu anapiga picha ya bidhaa yake, anaandika bei, na wateja wanaagiza wakiwa wamekaa kwao. Jibini za Masisi, upande wao wa milimani, zinapendwa Goma. Yeye angenunua kwa watengenezaji kwa elfu nane, angeandika elfu kumi na nne. Njia, gari na vizuizi vya barabarani vingemla elfu moja na mia nane kwa kila jibini. Hivyo alivijua vizuri, kwa sababu angevilipa kwa mkono wake. Zingebaki elfu nne na mia mbili. Alimwonyesha mumewe hesabu hiyo kwenye daftari la shule la mtoto, na hesabu haikuwa na kasoro. Ng'ombe akauzwa laki nane.

Kwa miezi kumi Virginie alipanda kilima cha juu ya kanisa kila jioni kutafuta mtandao. Aliuza jibini mia sita. Kila mara alitoa kwenye simu pesa za kununulia mzigo unaofuata na za njia, basi. Faida aliiacha ilale. Safari zilivyozidi kuwa za hatari alipunguza mzigo, kutoka jibini themanini hadi sabini, hadi hamsini, na aliona ni busara. Juu kabisa ya ukurasa wake kulikuwa na tarakimu kubwa za kijani zilizozidi kukua: milioni tano, milioni saba, milioni nane na laki nne. Alijua zile si zake zote. Alitoa gharama zake, akapata milioni mbili na nusu na ushee, akalala usingizi.

*

Nyumba ya Ndosho ilikuwa ya Papa Grégoire, mfanyabiashara wa kutoka Butembo, mtu wa misa ya kila asubuhi, mwenye duka la saruji na mabati. Ilikuwa na vyumba viwili vya mbao juu ya mawe meusi ya volkeno. Alitaka dola sitini kwa mwezi na dhamana ya miezi mitatu mbele. Alisema bila kificho kwamba tangu vita vilipokaribia, watu watano wameiulizia nyumba ile, lakini ameona watoto, na yeye pia ni mzazi. Angesubiri mpaka saa sita mchana.

Virginie akawaacha Théogène na watoto ndani ya uzio, juu ya vifurushi vyao, akaenda kwenye kibanda cha kutolea pesa kilichokuwa ng'ambo ya barabara. Kulikuwa na foleni. Ilipofika zamu yake, msichana wa kibandani akabonyeza, akangoja, akabonyeza tena.

"Mama, hapa inasema feza haitoshi."

"Punguza. Andika laki tano."

Msichana akaandika laki tano. Akaandika laki mbili. Nyuma mtu akaguna. Msichana akamwomba Virginie ruhusa ya kuangalia mwenyewe, akafungua sehemu ambayo Virginie hakuwa ameifungua hata siku moja, kwa sababu ilikuwa chini kabisa na iliandikwa Kifaransa kwa herufi ndogo, akamgeuzia simu.

"Iko elfu makumi sita na moja tu, mama."

Virginie alimwambia aangalie vizuri, kwani juu pale ni milioni nane. Msichana akasema hayo hayajui, labda aende ofisini kwa wenye soko hilo. Akasema pia, si kwa ubaya, kwamba kuna watu wanangoja.

Alirudi kwa Papa Grégoire akamwomba aongeze saa. Alieleza kuwa mashine ina kasoro. Papa Grégoire alimtazama, akamtazama Théogène, akatazama watoto waliokuwa wanagawana muhogo mmoja wa kuchemsha. Alisema atangoja mpaka saa tisa. Lakini aliwaomba wakati huo wakae nje ya uzio, karibu na mlango, kwa sababu kuna mtu mwingine anakuja kuiona nyumba na haitakuwa vizuri akute vyombo. Théogène akabeba tena godoro, akalitoa nje.

*

Ofisi ya Soko Kiganjani ilikuwa chumba kimoja juu ya duka la dawa, katikati ya mji. Virginie na mumewe walikwenda kwa miguu. Mlinzi aliwaambia wavue viatu kwa sababu ya matope. Wakapanda ngazi pekupeku. Watoto waliachwa na mizigo kandokando ya barabara.

Aliyewapokea ni kijana anayeitwa Jean-Luc, mwenye shati safi na sauti ya mtu aliyechoka kujibu swali moja. Hakuwa na dharau. Aliwapa viti, akaingiza namba ya Virginie, akazungusha mashine yake ili waone. Kwanza alimsifu: mauzo mia sita ni mengi, na wateja wamempa nyota nyingi sana. Kisha akauliza shida ni nini.

Virginie akasema anataka pesa zake.

"Mama, ile kubwa yenye unaona pale juu, ile njo jumla ya bintu byote uliuzisha tangu mwanzo," alisema Jean-Luc. "Haiko feza yenye iko ndani. Yenye iko ndani ni hii ya chini."

"Najua haiko yangu yote. Nilitoa ya kununua, nilitoa ya njia. Inabakia elfu ine na mia mbili kwa kila fromage. Mara mia sita."

Jean-Luc akachukua karatasi. Pengine alikuwa mwalimu kabla ya kazi hii, kwani aliandika taratibu, na kila mstari aliusoma kwa sauti. Jibini moja, elfu kumi na nne. Soko linachukua komisyo, kumi na tano kwa mia: elfu mbili na mia moja. Pikipiki ya kumpelekea mteja nyumbani: elfu moja na mia tano, kwa sababu yeye Virginie alichagua mteja asilipe chochote cha kupelekewa. Kutoa pesa kwenye simu: mia nne. Kuwekwa juu ya ukurasa ili wateja wamwone mapema, jambo aliloliwasha siku ya kwanza na hakulizima: mia saba. Akapiga mstari, akajumlisha. Elfu nne na mia saba.

Virginie alikumbuka siku ile ya kwanza kilimani, mtandao ukikatika na kurudi, maswali yakitokea moja baada ya jingine, na kidole chake kikibonyeza "ndiyo" kila mara kwa hofu kwamba akichelewa mtandao utamwacha. Hakuwa amelisema hilo kwa mtu.

"Kwa hiyo," Jean-Luc akaendelea, na hapa sauti ikapungua, "hesabu yako ilikuwa inabakisha elfu ine na mia mbili. Sisi tulikuwa tunakata elfu ine na mia saba. Kila fromage moja, ulikuwa unapoteza mia tano."

Aliongeza zile zilizorudishwa na wateja kwa kuwa zilifika zimepasuka, ambapo pikipiki inalipwa kwenda na kurudi. Jibini arobaini za mwisho hakuziongeza, kwa sababu hazikuwahi kufika sokoni kwao. Zilioza ndani ya gari pale Sake barabara ilipofungwa siku nne, na Virginie mwenyewe ndiye aliyezimwaga mtoni akijifariji kwamba faida ya nyuma itaziba.

Théogène hakuwa anafuata maneno yote ya ofisini, lakini tarakimu alizifuata. Aliuliza swali moja tu pale ofisini. Alitaka kujua: mke wake angeuza nyingi zaidi, ingekuwaje?

Jean-Luc akashusha macho kwenye karatasi. "Angepoteza zaidi, papa."

Virginie akauliza kwa nini miezi kumi yote hakuna aliyemwambia. Kijana akajibu kwamba yote yameandikwa kwenye masharti, na masharti aliyakubali. Mashine inaonyesha tarehe na saa. Halafu, kama mtu aliyeona aibu ya jibu lake, akasema kwamba bei yake ilikuwa ya chini, wenzake wanaandika kumi na nane, kumi na tisa. Ofisi ilidhani yeye anazipata bure, kutoka kwa ng'ombe zake mwenyewe.

*

Walitembea kurudi Ndosho. Walipofika kwenye mzunguko wa barabara, ambako pikipiki zinapiga honi bila kupumzika, Théogène akasimama. Mvua ilikuwa imekwisha kunyesha na maji meusi yalikuwa yanapita kati ya mawe.

"Virginie, niambie kintu kimoja. Ng'ombe yangu iko wapi?"

Virginie alikuwa amejiandaa kwa matusi, hata kwa kofi, ingawa kwa miaka kumi na mitano Théogène hakuwahi kumwinulia mkono. Kwa swali lile hakuwa amejiandaa.

"Bantu ba Goma baliikula."

"Balilipa bei gani?"

"Hawakulipa. Sisi njo tuliwalipa."

Théogène alikuwa mtu wa kuchunga. Aliwajua ng'ombe kwa kukohoa kwao gizani, na aliweza kumkumbuka ng'ombe yule tangu akiwa ndama mwenye kuhara aliyenusurika kwa maji ya majivu. Mia tano kwa mia tano. Mtu akiibiwa ng'ombe anajua siku na saa, anafuata nyayo, anapiga yowe na majirani wanatoka. Huyu alikuwa ametoka nyumbani kipande kwa kipande, na mwenye nyumba amekaa mlangoni anaangalia.

"Ungeniambia kama hauelewi," alisema mwishowe. "Hata mimi sielewi. Tungekuwa babili bale hawaelewi."

Hilo ndilo lililomliza Virginie. Akalia amesimama, bila kujifunika uso, na wapita njia wakampisha kama wanavyopisha jiwe.

Walipofika kwa Papa Grégoire ilikuwa saa kumi. Mtu mwingine alikuwa ameshaingiza meza na pipa la maji. Papa Grégoire akatoka, akawaambia anasikitika, akawapa watoto mikate miwili. Kabla hajafunga mlango alimwomba Théogène asiegemeze godoro ukutani, rangi ilikuwa mpya.

*

Bulengo waliandikwa majina siku ya tatu. Hema hazikuwapo; walipewa turubai moja na wakakata matawi wenyewe. Chini palikuwa na mawe ya volkeno yanayotoboa godoro. Euphrasie alikuwa amefika kabla yao, kibanda chake kilikuwa hatua ishirini kutoka kwao, na alipomwona Virginie hakuuliza habari ya nyumba. Alimsogezea sufuria yake, maana yao ilikuwa imepotea. Virginie alitamani aulizwe. Kutoulizwa kulimchoma kuliko dhihaka.

Zile elfu sitini na moja zilikwisha kwa siku tisa. Kula kwa watu watano, hata kwa unga wa muhogo na majani yake, sombe, bila mafuta, kulitaka elfu sita na mia tano kwa siku. Sasa Virginie alihesabu kila kitu, hata kuni, hata maji ya kuoshea sombe. Théogène alipata kibarua cha kuvunja mawe siku mbili, kisha kikaisha. Mawe yalikuwa mengi na wavunjaji wengi kuliko mawe. Mtoto wa mwisho akaanza kuhara.

Ndipo Virginie akafungua simu yake kwa mara ya mwisho kabla ya kuiuza, akatafuta jina la mteja aliyenunua kuliko wote. Alikuwa mwanamke anayeitwa Blandine, wa mtaa wa Himbi huko Goma. Kila wiki jibini kumi, wakati mwingine kumi na tano, na kila mara maneno mazuri. Anuani ilikuwa pale, kwa ajili ya pikipiki. Virginie akajisemea kwamba mtu aliyekula kwa mkono wako miezi kumi hawezi kukufukuza mlangoni. Alitoka Bulengo alfajiri, akafika Himbi jua limepanda.

Nyumba ilikuwa ya matofali, yenye geti jekundu. Mama Blandine alitoka akiwa amejifunga kitenge kizuri, na alipoelewa ni nani, uso wake ulifunguka kwa furaha ya kweli.

"Njo weye mama wa fromage? Kumbe uko muntu! Mimi niliizoea ile fromage yako. Wiki mbili sasa hoteli inanisumbua."

Virginie akauliza hoteli gani.

Mama Blandine akaeleza bila kuficha, kwa kuwa hakuona cha kuficha. Yeye alizichukua jibini kwa kumi na nne, zinaletwa mpaka getini bila malipo, na mchana uleule akazipeleka hotelini kwa kumi na nane. Alisema bei ya Virginie ilikuwa zawadi ya Mungu. Aliitumia kulipa ada ya binti yake chuoni. Aliuliza kama kuna njia yoyote ya kupata nyingine, hata chache, kwa bei ileile.

Virginie alisimama ameshika geti. Elfu nne kwa kila jibini, safi, bila njia, bila vizuizi, bila kulala Sake juu ya mzigo. Hakumchukia. Alimtazama kama mtu anavyomtazama aliyefaulu mtihani ambao yeye umemshinda, mtihani ambao hakujua kwamba alikuwa anaufanya. Akasema Karuba hakuna tena ng'ombe, walichinjwa na wenye bunduki, na yeye sasa yuko Bulengo na anatafuta kazi.

Mama Blandine akashika shavu. Alisikitika, akampa chai. Kisha akasema kazi ipo: kufua mara tatu kwa wiki, elfu nne kwa siku.

"Mama, kula kwetu iko elfu sita na mia tano," alisema Virginie. "Nipe elfu saba. Kuja na kurudi nitatembea."

Mama Blandine akatikisa kichwa, bila hasira. Alisema kila asubuhi wanawake wa kambini wanagonga geti lile, na wengine wanaomba elfu tatu. Yeye anampa nne kwa sababu wanajuana.

Virginie akashukuru kwa chai, akatoka. Alitembea mpaka mwisho wa barabara, mahali ambapo ziwa linaonekana kati ya kuta mbili. Alisimama hapo. Alihesabu elfu nne. Alihesabu siku tatu kwa wiki. Alihesabu unga, na dawa ya mtoto, na saa mbili na nusu za kutembea kwenda na saa mbili na nusu za kurudi, na njaa inayoongezwa na kutembea. Hesabu haikukubali kutoka. Alijua kwa hakika kiasi gani kingepungua, mpaka faranga ya mwisho. Kisha akahesabu kutorudi kabisa, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi.

Akarudi akagonga.

Mama Blandine akamwonyesha nyuma ya nyumba, kwenye beseni mbili kubwa na rundo la mashuka. Virginie akakunja mikono ya nguo yake, akachuchumaa, lakini hakugusa maji.

"Sabuni iko ya nani?" aliuliza.

Mama Blandine akashangaa kidogo. Akasema ni yake, ya nyumbani.

"Na siku yenye mvua itanyesha, nguo zikatae kukauka, ile siku unanilipa?"

Mama Blandine akasema ndiyo, atalipa.

"Na kama kintu kimepasuka?"

Hapo Mama Blandine alimwangalia mwanamke yule aliyechuchumaa mbele ya mashuka yake kwa jicho jipya, jicho la mfanyabiashara kwa mwenzake. Akasema kitu kikipasuka watakikata kwenye zile elfu nne.

Virginie akaitikia kwa kichwa. Akachukua shuka la kwanza, akalikunjua lote juani, upande huu na upande huu, akitafuta mahali palipokuwa pamepasuka tayari. Alipopaona, akamwita Mama Blandine aje apaone pia, kisha ndipo akaingiza mikono majini.